Vitz, IST ao Corolla? Maneno ya komite ya motokari mbele ya mukutano mukubwa

 Wale waliotoka Kiliba na Sange na hii mvua, asante mara mbili.

Kwenye mukutano uliopita mulituchagua watu watatu: mumoja mekanisie, mumoja dereva, mumoja mama wa biashara anayejua kuhesabu. Mukatuambia: muende muangalie motokari, muulize, mukuje na jibu. Tumezunguka magaraje ya hapa Uvira, tumeongea na wenye teksi, tumepanda na kushuka ndani ya motokari mupaka wauzaji wengine wakafikiri siye ni matajiri. Jibu tunalo. Lakini hatutaki kulitupa mbele yenu kama amri, tunataka muone tumefika pale kwa njia gani, sababu feza ni yenu.

Feza ya sanduku inatosha motokari moja. Haitoshi mbili, haitoshi hata moja na nusu. Ni kotizasio ya watu wanaouza ndagala, wanaofyatua matofali, walimu, wakulima wa bonde la Ruzizi, na kila mutu hapa anajua alijinyima nini. Motokari ikilala garaje miezi tatu, sanduku litabaki tupu, na mwenye kufiwa katika ile miezi hatapata kitu. Njo maana hatukuanza kwa kuuliza motokari gani ni nzuri. Tuliuliza motokari gani haitatuua.

Inapaswa kufanya kazi mbili. Muchana ni teksi, ilete feza ya kila siku. Usiku ni ya wagonjwa wetu. Kule Nyarugusu, mutu akizidiwa usiku, tulijua pa kukimbilia na nani wa kuita. Tangu turudi, mwanamuke mwenye uchungu wa kuzaa anapakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mume wake, mawe chini, giza mbele. Kuna wanaokaa humu ndani waliofika Hospitali Kuu namna hiyo. Hatutarudilia habari hiyo, munaijua kutupita.

Sasa, ndani ya shirika letu kuna vyama viwili, hata kama hakuna aliyeviandikisha. Kuna chama cha Vitz, cha vijana na ba mama wa soko: motokari ndogo, inakula kidogo, inapita kwenye avenyu nyembamba. Na kuna chama cha Corolla, cha wazee: motokari yenye kofre, yenye sura ya mutu mukubwa, ambayo mutu anaweza kwenda nayo kwa wakwe bila kuona haya. Muzee mumoja alituambia kwamba hatakubali kubebwa ndani ya yai. Tulicheka, lakini tuliandika.

Jambo la kwanza tulilokuta garajeni linaondoa nusu ya magomvi haya. Toyota iliweka moteri moja ndani ya motokari mingi sana. Ile moteri ya litre 1.5 inayoitwa 1NZ iko ndani ya Corolla ya miaka ya 2000, ndani ya RunX, ndani ya IST, ndani ya Premio na Allion za 1.5, ndani ya Probox, na hata ndani ya Vitz fulani. Ndugu yake mudogo, 2NZ ya litre 1.3, iko ndani ya IST, Vitz na Probox. Basi mutu anayesema Corolla ina moteri yenye nguvu kuliko IST, mara nyingi analinganisha mapacha. Bujii ni zile zile, filitri ya mafuta ni ile ile, na fundi aliyefungua moja amefungua zote. Tena hizi moteri zinazungusha sheni ndani, si kuruwa ya mupira. Corolla za zamani zaidi, zile za 110, nyingi zina kuruwa ambayo lazima ibadilishwe kwa wakati wake, na muuzaji hatakuambia ilibadilishwa lini.

Basi swali linabaki nini? Linabaki mwili: uzito, milango, urefu kutoka chini, na nafasi ya mutu kulala.

Tuanze na Vitz. Ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1999, na Ulaya wanaiita Yaris. Ile ya kwanza ina urefu wa mita 3 na senti 60 hivi, njo maana inageuka mahali Corolla inarudi nyuma mara tatu. Ni nyepesi, chini ya kilo 1,000. Kwa mutu mumoja anayeenda kazi na kurudi, hatuoni motokari inayoipita kwa garama. Lakini Vitz mingi zilizoko hapa ni za litre 1.0. Weka dereva, watu wanne na mufuko wa muhogo, upande kwenye vilima, utasikia inalia. Dereva atakanyaga mupaka mwisho, na esanse uliyofikiri utaiokoa itaisha kule. Halafu mugonjwa hawezi kulala ndani. Anakaa, magoti kifuani. Kwa hiyo Vitz ya 1.0 tumeitoa mapema. Vitz ya 1.3 tumeiacha mezani.

Upande mwingine, Premio na Allion. Zinapendeza, tunakubali. Ndani kumetulia, viti ni kama vya sebule. Lakini muangalie vizuri: zipo za litre 2.0 zenye maandishi D-4. Ile moteri inapuliza esanse moja kwa moja ndani ya silinda kwa pompe ya nguvu nyingi, na inataka esanse safi. Siye hapa tunanunua mara nyingi kwenye bidoni na chupa kando ya barabara, na kila mutu anajua kwamba ndani ya chupa kunaweza kuwa maji ao petrole ya taa. 1NZ itakohoa na kuendelea. D-4 itakupeleka garaje, na kule watakuomba kipande ambacho duka la hapa halina. Mutu mwenye shamba la feza anunue D-4. Siye hapana.

Wengine walituuliza Honda Fit, Nissan March na Tiida, sababu bei yake huwa ya chini kuliko ya Toyota ya mwaka ule ule. Hatusemi ni motokari mbaya. Fit ya kwanza ni ndogo kwa nje, kubwa kwa ndani. Viti vya nyuma vinakunjwa vizuri sana, dada yetu wa komite aliipenda. Lakini nyingi kati yake zina bwate otomatike isiyokuwa na vitesi vya kuhesabu, ile inayoitwa CVT. Inataka mafuta yake yenyewe. Ukiweka mafuta ya otomatike ya kawaida, haisemi kitu siku ile. Inakuja kusema kisha miezi. Na Fit nyingi za moteri ya 1.3 zina bujii mbili kwa kila silinda, maana yake munanunua nane mahali mungenunua ine. Tulizunguka kuuliza vipande vya Fit hapa mujini. Tulionyeshwa mukono kuelekea Bujumbura. Vipande vya Toyota tulionyeshwa meza iliyo ngambo ya barabara. Kwetu maneno yaliishia pale. Bei ya chini ya kununua inakula mwenyewe polepole.

Sasa maji. Munakumbuka Aprili 2020, wakati Mulongwe ilitoka ndani ya njia yake. Munakumbuka vilevile namna ziwa lilivyopanda mupaka Kavimvira na kule ngambo Gatumba watu wakapita na mutumbwi mahali pa motokari. Hatuwezi kuchagua motokari ya Uvira kama vile tunaishi pahali pakavu. Motokari hizi zote, ndogo na sedan, zinavuta hewa mbele, chini ya kapo. Maji yakiingia kwa ile njia, yanafika ndani ya silinda, na piston haiwezi kukandamiza maji; chuma kinachoishika kinapinda. Njo moteri inakufa kwa dakika moja. Basi dereva wetu, yeyote atakayekuwa, anapaswa kujua hili kama sala: moteri ikizimika ndani ya maji, usiiwashe tena. Sukuma, itoke, ifunguliwe bujii, ikaushwe. Wengi wanaiua siyo wakati inazimika, wanaiua wakati wanajaribu kuiwasha mara ya pili.

Kwa ajili ya mawe na maji, IST inapita wenzake. Imejengwa juu ya mifupa ya Vitz lakini imeinuliwa kidogo, na magurudumu yake ni makubwa kidogo. Corolla inakaa chini, na tumbo lake ni refu. Kwenye barabara yenye vishimo inaburuta katikati. Kuna wanaoweka vipande vya mupira juu ya ressort ili Corolla iinuke. Inawezekana, wengi wanafanya. Lakini ukiinua sana, kardani zinafanya kazi zikiwa zimepinda, mipira yake inapasuka, muchanga unaingia, na utalipa pale ulipofikiri umeokoa.

Ba mama walitufundisha kitu ambacho siye wanaume wawili hatukukiwaza. Tulimuomba mama mumoja mwenye mimba kubwa, jirani ya garaje, aketi nyuma ya kila motokari na kushuka. Tunamushukuru, alivumilia. Kwenye Corolla alipaswa kujishusha chini, kisha kujivuta juu kwa kushika mulango. Kwenye IST kiti kiko karibu na urefu wa kiti cha nyumbani; aligeuka tu akakaa. Akasema: “Hii njo yetu.” Muzee wa magoti mabaya akajaribu, akasema vilevile, ingawa yeye ni wa chama cha Corolla.

Kulala je? Ndani ya sedan mugonjwa analala kwenye kiti cha nyuma akikunja miguu, na kile kiti cha Corolla ni kipana na laini kuliko cha IST. Hapa Corolla inashinda, tuseme kweli. Lakini ndani ya IST, upande mumoja wa kiti cha nyuma unakunjwa, mulango wa nyuma unafunguka wote, na mugonjwa anaweza kupitishwa nyuma na godoro dogo, miguu ikielekea mbele, muuguzi akiketi kando. Haitakuwa ambulansi. Mutu murefu atakunja magoti. Lakini atalala. Kofre ya Corolla imefungwa, inafaa masanduku, haifai mutu aliye hai.

Ndipo wengine watasema: basi nunueni Probox! Ndani yake mutu analala vizuri, viti vikikunjwa kuna karibu mita 1 na senti 80. Ni kweli, na tulibishana juu yake siku mbili. Ni motokari ya kazi, moteri ni ile ile. Tuliiacha kwa sababu mbili. Nyuma yake imejengwa kwa kubeba mizigo. Ikiwa tupu inaruka, na mwanamuke mwenye uchungu atahesabu kila jiwe. Ya pili ni siye wenyewe. Motokari yenye nafasi hapa kwetu inajazwa. Kisha mwezi mumoja itakuwa inabeba watu tisa na mifuko ya ndagala juu ya mabega yao, na ule usiku tutakapomuweka mugonjwa ndani, atalala kwenye harufu ya samaki. Munajijua.

Swali la volani. Motokari nyingi tunazoziona zinatoka Japani kupitia Dar es Salaam, na volani yake iko kuume, sababu Japani na Tanzania wanapita kushoto. Siye, kama Burundi na Rwanda, tunapita kuume. Wengi wa vijana wetu walijifunza Kigoma, kwao ile volani ni ya kawaida, lakini barabara yenyewe imegeuka. Mwenye kuendesha namna hiyo haoni mbele ya lori analotaka kulipita mupaka atoe motokari yote nje. Tena yule anayeketi mbele, kushoto, anashuka katikati ya barabara, si kando. Kwa teksi hili si jambo dogo. Tunaomba iwe sheria yetu: watoto na wagonjwa wapande na kushuka kwa mulango wa nyuma wa kuume, siku zote. Yaris ao Corolla kutoka Ulaya ina volani kushoto, na tukiipata ya hali nzuri kwa bei ya karibu, tutafurahi. Kuna ndogo pia zenye volani kushoto zenye bwate ya mukono, na hiyo inatuingiza kwenye jambo ambalo siye watatu hatukukubaliana.

IST ni otomatike. Kwa dereva wa muji ni raha, na bwate ya IST ya kwanza, ile iliyotengenezwa kuanzia 2002 mupaka 2007, ina vitesi vine vya kawaida, si CVT. Fundi wetu anaijua. Lakini otomatike batri ikikufa, haisukumwi ikawaka. Vitz ya mukono ao Corolla ya mukono, vijana wanne wanaisukuma mutelemko na inaamuka. Saa nane ya usiku, na mama mwenye uchungu amekaa nyuma, ile tofauti ni kubwa. Mekanisie wetu anataka bwate ya mukono kwa sababu hiyo peke yake. Wale wawili wengine tunasema: tununue batri mpya siku ya kwanza, na kamba za kuchukulia umeme kwenye motokari ingine, na dereva aiwashe kila jioni inapoingia. Hatukumaliza. Mutusaidie.

Esanse sasa, sababu hapa watu wanapenda kusema bila kuhesabu. Tuseme motokari inatembea kilometa 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilometa 2,500. Motokari inayokunywa litre 7 kwa kilometa 100 itataka litre 175. Inayokunywa litre 9 itataka 225. Tofauti ni litre 50 kila mwezi, 600 kwa mwaka. Muzidishe kwa bei ya leo ya bidoni na muone. Huu ni mufano wa hesabu; kila motokari inapimwa yenyewe, na namna ya kupima ni rahisi: jaza mupaka juu, andika kilometa, tembea siku tatu, jaza tena mupaka juu, gawanya. Mutu asiwadanganye na namba za karatasi za Japani, zile zilipimwa bila vumbi na bila vishimo. Lakini muelewe: kati ya IST ya 1.5 na Corolla ya 1.5 tofauti ya esanse ni ndogo, sababu moteri ni moja na uzito hauachani sana. IST inapita kidogo kilo 1,000, Corolla inaongeza makumi tu. Tofauti kubwa iko kati ya 1.3 na 1.8 ao 2.0. Kwa hiyo anayetaka Corolla asiogope esanse, aogope Corolla ya 1.8.

Tumefika. Komite inaomba mukubali IST ya kwanza, ya 1.3 ao 1.5, isiyovuta kwa magurudumu mane. Ile ya kuvuta kwa mane inaongeza kardani ya katikati na vyuma vya nyuma, na haikugeuzi kuwa Land Cruiser. IST nzuri ikikosa, tuchukue Vitz ya 1.3 yenye milango mitano. Kama motokari hii ingekuwa ya kwenda Bukavu kila wiki na abiria wenye masanduku, tungewaomba Corolla bila kusita. Lakini itaishi kati ya Kalundu na Kavimvira, na mara kwa mara bondeni.

Na tukikuta Corolla ya 1.5 iliyotunzwa kweli mbele ya IST iliyochoka, tutachukua Corolla. Hatununui jina.

Namna tutakavyochunguza, musikie ili musije kutuuliza kwa nini tulikataa motokari inayongaa. Tutaisoma kwanza namba ya shasi, sababu muuzaji anasema anachotaka lakini ile namba haisemi uongo. IST ya 1.3 inaanza na NCP60, ya 1.5 na NCP61, ya magurudumu mane na NCP65. Vitz ya kwanza ya 1.0 ni SCP10, ya 1.3 ni NCP10. Corolla ya 1.5 ni NZE121, ya 1.8 ni ZZE122. Mutu akikuletea SCP10 akasema ni 1.3, umepata jibu kuhusu mambo mengine yote anayosema.

Tutaikuta asubuhi ikiwa baridi. Anayeiwasha moto kabla hatujafika anaficha kitu. Tutafungua kifuniko cha mafuta: kukiwa na kitu kama maziwa ya kahawa, maji yameingia kwenye mafuta, tunarudi nyumbani. Mafuta ya bwate tutayanusa. Yakinuka kuungua, vilevile. Tutainua zulia na kuangalia bulo za viti. Kutu pale chini, na harufu ya unyevu, inasema motokari ilioga kwa lazima.

Na kilometa. Motokari nyingi kutoka Japani zina karatasi ndogo iliyobandikwa mulangoni ao chini ya kapo, ambapo garaje ya kule iliandika tarehe na kilometa za siku ya kubadilisha mafuta. Mara nyingi mwaka unahesabiwa kwa utawala wa mufalme wao: Heisei ilianza 1989, kwa hiyo H18 ukijumulisha 1988 unapata 2006. Karatasi ikisema H18, kilometa 112,000, na saa ya mbele inaonyesha 68,000 leo, mutu alirudisha saa nyuma. Karatasi ikiwa imekwanguliwa, tutaangalia mipira ya pedali. Kilometa 60,000 haziwezi kula pedali mupaka chuma.

Karatasi za serikali ni kidogo lakini ni ngumu. Hatutanunua motokari yenye plake ya nchi jirani ambayo haijapita duwane, hata iwe kwa nusu ya bei. Siku itakapokamatwa, ile nusu ya pili tutailipa, pamoja na ingine juu. Karte roze itaandikwa kwa jina la shirika, si la prezida, si la sekretere, si la mumoja wetu watatu. Tunasema hivi mbele yao, nao wamekubali. Watu wanakufa, watu wanahama, na mujane ao mutoto wa marehemu akikuta jina la baba yake kwenye karatasi, atadai, na atakuwa na haki.

Kabla ya kununua, tunaomba mutenge feza ambayo haitaguswa: batri, mipira mine, amortisere za mbele, mafuta na filitri, asuransi. Motokari ya mitumba siku ya kwanza inaomba vitu hivi. Tukimaliza feza yote kwenye bei, tutakuwa na motokari ya kuangalia.

Kazi yenyewe: inatoka saa kumi na mbili asubuhi, inaingia saa kumi na mbili jioni, bati ya esanse isipungue nusu inapolala. Dereva anayeileta jioni na bati tupu amevunja kanuni kama vile aliyeleta na mulango uliovunjika, sababu usiku hakuna wa kutuuzia. Jumapili haifanyi teksi; fundi anaiangalia. Mwanamemba anayebebwa usiku kwenda hospitali hatalipa kitu siku ile, atarudisha esanse ndani ya mwezi. Asiye mwanamemba akibisha mulango na mugonjwa? Tulijadili. Abebwe. Hesabu tutaifanya asubuhi.

Kura itapigwa Jumapili ijayo kisha ibada, kwa mukono juu: kwanza IST ao Corolla, kisha otomatike ao mukono. Wanaoomba kazi ya udereva walete barua na permi kwa sekretere kabla ya siku hiyo. Anayejua kuendesha lakini hana permi, asilete barua, alete kwanza permi.